Mwaka Chumvi Ilipofungiwa Stoo

Tulimzika Kyalo kwao Mbumbuni, juani, na kabla udongo haujakauka mpwa wake akashika maikrofoni akasema neno lililonifanya nichukue kalamu. Kijana huyo anaitwa Musyoki. Ana digrii, na siku hiyo alivaa suti ya buluu yenye kung'aa kama karatasi ya peremende. Alisema: "Mjomba wangu hakuwahi kupigiwa kura na mtu yeyote, na bado watu walimtii. Nchi hii imechoka na kura. Demokrasia ni kelele tu za kila baada ya miaka mitano. Kuna nchi zina wafalme na zimeendelea. Kuna nchi zina wanajeshi na zina nidhamu. Tupeni mtu mmoja mwenye mkono mgumu, kama mjomba alivyoishika ile hoteli ya Mtito Andei, muone kama lami haitafika hapa Mbumbuni." Watu wakapiga makofi, hata wale waliokuja kwa ajili ya chakula peke yake. Mimi nilikuwa nimeketi mstari wa mbele, kwa sababu hema na viti vilikuja kwa lori langu, nikasema, "Uongo." Sikupiga kelele. Lakini sauti yangu nimeizoesha kushindana na injini, na pasta akanigeukia.

Sasa wacha niseme mimi ni nani, maana sina wa kunisemea. Niliacha shule darasa la sita. Leo nina malori, nina machimbo ya mawe upande wa Tawa, na nyumba yangu ina ngazi ndani. Wenye digrii wanakuja kwangu kuomba kazi na ninawapa, kwa hiyo mtu asiseme nina wivu na digrii. Habari za baba, mama na mbuzi niliochunga sitaziandika. Katika nchi yetu ya Ukambani kila mtu alichunga mbuzi. Nitaandika mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa, kwa sababu juu ya mambo ya serikali mimi nimesoma kumshinda Musyoki. Yeye alisoma serikali kwa kitabu. Mimi nilikaa chini ya serikali tatu, mwaka mmoja, chini ya bati moja, na zote zilinipa sahani nioshe.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya Mama Ndanu, kando ya barabara ya Mombasa. Mbele ilikuwa na meza za mbao zilizofunikwa plastiki ya maua, na madereva wa malori waliokula bila kuvua kofia. Nyuma ilikuwa jikoni. Nikifumba macho leo naliona jiko lile vizuri kuliko ninavyoiona sebule yangu: mafiga makubwa, masufuria ambayo ungeweza kumwogeshea ndama, ukuta mweusi wa moshi uliong'aa kwa mafuta mpaka ukawa kama kioo. Nyani wa Tsavo walikuwa wanajua saa ya chapati kutushinda. Walikaa juu ya ua kama wateja waliokwisha kulipa. Sisi wafanyakazi tulilala chumba cha nyuma, kati ya magunia ya mahindi na maharagwe, na usiku kucha breki za malori zilitupigia filimbi. Kati ya jikoni na chumba hicho kulikuwa na chumba kidogo chenye mlango wa chuma. Huo ndio uliokuwa mlango wa stoo, na ufunguo wake ulining'inia kwa kamba shingoni mwa Kyalo, ndani ya shati.

Nitasema ukweli wa Kyalo, sina haja ya kumpaka marehemu matope. Alikuwa mpishi. Mama Ndanu alikuwa mgonjwa mgonjwa, akamwachia Kyalo kila kitu, na chini ya Kyalo hoteli ilikwenda kama saa. Dereva akizima injini, chai iko mezani. Chapati zilikuwa laini, unaweza kuikunja moja ukaitia mfukoni na isipasuke. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyejibu. Kwa hiyo Musyoki akiniambia mkono mgumu unafanya kazi, simbishii hapo. Unafanya kazi. Mimi niliuona ukifanya kazi, tena mimi nilikuwa kipenzi cha huo mkono. Kyalo alinipenda kwa sababu nilikuwa na nguvu za kubeba gunia na mdomo wa kuwacheka aliowacheka yeye. Mbuzi akichinjwa, maini yalikuwa yangu. Niliyala na wala sijutii. Kijana wa miaka kumi na tisa akipewa maini haulizi katiba.

Lakini kulikuwa na chumvi. Unga, mafuta, sukari, hivyo naelewa kuvifungia. Kyalo alifungia hata chumvi. Kila aliyekuwa na sufuria motoni ilibidi aache sufuria yake, aende asimame mbele ya Kyalo, mikono nyuma, aseme: "Kyalo, naomba chumvi." Na Kyalo hakuinuka mara moja. Alimaliza alichokuwa anakifanya, kisha akauliza, "Ya nini?"

"Ya isyo." Isyo ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, kwetu ndicho chakula.

"Isyo imefanya nini ya maana hata ipewe chumvi?"

Na sisi wote tukacheka, pamoja na yule aliyekuwa anaomba. Siku nyingine alikupa. Siku nyingine alikwambia ngoja, na unangoja huku sufuria inashika chini. Chumvi ni kitu rahisi kuliko vyote dukani. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakuwa analinda chumvi. Alikuwa analinda kule kuomba.

Mpishi wa isyo alikuwa Mueni, mama mjane kutoka upande wa Kitui, mwenye mdomo wa pilipili. Mvua ilikuwa imekataa kule kwao, na watoto wake aliowaacha kwa nyanya yao walikula mshahara wake na hakuna kingine. Siku moja Kyalo alikuwa amekwenda kunyolewa, na dereva mmoja akarudisha sahani akisema hii isyo ni ya mahabusu. Mueni alifungua pembe ya leso yake, akatoa chumvi aliyonunua mwenyewe duka la ng'ambo ya barabara, akatia. Dereva akala, akaongeza. Kyalo aliporudi, kichwa kinang'aa, akachukua mwiko akaonja. Akaonja tena.

"Hii chumvi imetoka wapi?"

"Dukani," Mueni akasema.

"Jikoni mwangu kuna chumvi moja."

"Basi hii ni ya pili."

Hakuna aliyecheka. Kyalo akaweka mwiko chini taratibu kama anaweka yai. "Mwisho wa wiki," akasema, "utachukua leso yako, na chumvi yako, na uende." Na kila mtu aliinama kwenye kazi yake, kwa maana tulijua Mueni akitoka pale hana pa kwenda ila nyumbani kukaa na wenye njaa, awe mmoja wao.

Mungu ana mambo yake. Wiki hiyo hiyo Mama Ndanu alizidiwa, akapelekwa hospitali Kitui, na dereva mmoja akatuletea neno lake: "Ufunguo si wa mtu. Chagueni wenyewe nani aushike mpaka nirudi. Huyo ndiye atasema nani abaki na nani aende. Na sitaki kusikia vita." Kyalo alicheka mpaka akakohoa. "Chagueni basi. Kwani kuna nani mwingine?"

"Kuna mimi," Mueni akasema, bila kuinua macho kutoka kwa maharagwe aliyokuwa anachagua.

Hapo ndipo iliingia serikali ya pili. Nyuma ya hoteli alikuwa na zizi lake Bwana Abdi, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka kaskazini mashariki, aliyepumzisha mifugo hapo kabla ya kushuka Mombasa. Alikuwa mtu mrefu, anakunywa chai amesimama, na hakuwa na upande, kwa maana alikuwa mgeni wetu sote. Aliposikia tunataka kupiga kura alitikisa kichwa. "Kura inagawa watu," akasema. "Kwetu wazee wanakaa chini mpaka neno liwe moja. Kaeni."

Tukakaa, saa ile ya alasiri malori yanapokuwa machache. Kila mtu akasema neno lake, na kila mtu, akishamtazama Kyalo, neno lake likapinda. Mbithi wa kuwasha moto alikubaliana na Kyalo, kisha akakubaliana na Mueni, kisha akakubaliana na mimi na sikuwa nimesema kitu. Mueni akasema, "Mimi sijakubali." Basi hatukuwa tumemaliza, tukakaa tena. Kesho yake tukakaa tena. Chapati zikaungua. Nyani wakaiba mkate mezani tukiwaangalia, maana kusimama kulikuwa kama kushindwa. Siku hiyo nilijifunza kwamba katika kikao cha namna hii atakayeshinda ni mwenye kibofu kikubwa, na Kyalo alikuwa na kibofu cha ngamia.

Abdi mwenyewe ndiye aliyesimama. "Bwana Abdi," Kyalo akamwambia, "wenzetu wa kwenu wanaweza, kwa nini sisi tushindwe?"

"Kwetu mtu anakaa na ukoo wake nyuma yake," Abdi akasema. "Ukimdhulumu, umewagusa wengi, kwa hiyo unachunga mdomo. Huyu mama nyuma yake kuna ukuta." Akaugonga ukuta wenyewe, kidole kikatoka na masizi. "Ukuta hauna binamu. Mtafutieni kitu kingine cha kumfanya awe sawa na Kyalo."

Wazo la punje lilikuwa langu. Kuna watu watasema lilikuwa la Abdi. Abdi hayuko hapa kuandika. Kupanga mstari nyuma ya umtakaye tulikataa, maana Kyalo angesimama pale akihesabu visogo. Nikasema tuweke mahindi na maharagwe stoo, kila mtu aingie peke yake, achukue punje moja: anayemtaka Kyalo punje ya hindi, anayemtaka Mueni punje ya haragwe. Atoke amefumba ngumi, atie ndani ya sufuria yenye kifuniko. Kyalo alikubali upesi. Alikuwa na hakika. Akafungua stoo, tukaingia mmoja mmoja, tukatia, na kabla hatujafunua kuhesabu yakaingia malori, moja nyuma ya lingine, na sote tukakimbilia meza. Njaa ya dereva haingoji uchaguzi.

Tuliporudi, sufuria haikuwa mezani. Ilikuwa motoni. Mbithi, mtu mwema, aliyekuwa porini kutafuta kuni tangu kabla ya wazo la punje, alikuwa amerudi kwanza, akaona sufuria ina mahindi kidogo na maharagwe kidogo ndani. Kwa Mkamba, mahindi na maharagwe ndani ya sufuria moja ni jambo moja tu. Aliona mtu ameanza kazi akaiacha nusu. Akajaza kutoka kwa gunia, akatia maji, akachochea moto, na alikuwa anapepea jivu kwa kifuniko akiwa na furaha ya mtu aliyefanya zaidi ya zamu yake.

"Mbithi," Mueni akamwita polepole. "Zile zilikuwa kura."

Mbithi akachungulia ndani. "Si mngeniambia," akasema. "Zimeshaanza kufura."

Kyalo alicheka vile sijapata kumwona akicheka. Aliegemea mlango wa chuma. "Hiyo ndiyo demokrasia yenu. Imechemka. Mtakula, mtasahau, na kesho mtaniomba chumvi." Kisha akaacha kucheka, akamgeukia Mueni. "Na wewe funga mzigo."

Mueni alivua aproni. Nilimwona akiikunja, mara moja, mara mbili, akaiweka juu ya meza. Hapo ndipo nilifanya jambo ambalo najivunia kuliko malori. Nilichukua sufuria nyingine, nikaipangusa, nikaiweka katikati ya sakafu. Nikasema, "Tunarudia." Kyalo akasema, "Nani anarudia, wewe wa maini?" Nikasema, "Mimi wa maini. Wewe ulisema uko na hakika. Mwenye hakika haogopi kurudia." Abdi akaweka kikombe chake chini na kuja kusimama karibu. Basi wakaingia stoo tena, mmoja mmoja, wakatoka na ngumi, na mimi nikainua kifuniko kidogo tu, punje ikaanguka, nikafunika, nikakikalia. Ndiyo, nilikalia kifuniko kwa makalio yangu mwenyewe, mbele ya wote, na lori likapiga honi nje, likapiga tena, nikasema lingoje. Siku hizi nasikia kuna mashine na mitambo ya kulinda kura. Sina neno na mashine. Lakini lazima kuwe na mtu wa kukalia kifuniko.

Abdi ndiye aliyehesabu, kwa sababu hakuwa na punje ndani. Alizimwaga juu ya sinia, akazitenga kwa kidole kimoja, mahindi huku, maharagwe kule. Hakutangaza. Hakukuwa na haja; upande wa maharagwe ulionekana hata kwa nyani. Kyalo alitazama sinia, kisha akatutazama sisi, uso mmoja baada ya mwingine, na kwa mara ya kwanza hakujua nani ni nani. Akavuta kamba kutoka ndani ya shati. Kwa muda nilidhani atautupa ufunguo porini kwa tembo. Aliuweka juu ya sinia, juu ya maharagwe.

Mueni akauvaa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Sasa na yeye aende. Afunge mzigo aone." Wengine wakaguna kukubali, na ingekuwa rahisi sana. Mueni akamgeukia. "Nani atachoma nyama? Wewe? Hapa haendi mtu." Akafunga aproni yake, akaenda kwa ile isyo ya Mbithi iliyokuwa na kura zetu za kwanza ndani yake, imeiva kabisa, akapakua. Sahani ya kwanza alimpa Kyalo. Kyalo aliipokea, akaketi juu ya debe, sahani magotini, na sote tukasimama tumwangalie atafanya nini.

Nitarudi kwa sahani hiyo. Kwanza nimalize habari za serikali ya tatu, maana sitaki mtu aseme nimeipamba. Ilikuwa mbaya kwa mambo mengi. Chapati za enzi ya Mueni zilikuwa ngumu, ungeweza kuiweka moja chini ya gurudumu kama jiwe, lori lisirudi nyuma. Kila jambo lilikuwa na maneno. Madereva walilalamika chai inachelewa, na ilichelewa kweli, kwa sababu tulikuwa tunabishana nani aibebe. Mueni naye ufunguo ulimpanda kichwani, akaanza kutusemesha kama watoto, na kabla mwaka haujaisha tukaleta sinia tena, tukamtoa. Mimi nilisimama. Nilijua nitashinda, nani hakumbuki aliyekalia kifuniko? Nikashindwa na Mbithi. Mtu aliyechemsha kura ndiye aliyenishinda kwa kura. Iliniuma, niliondoka Mtito Andei kwa hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyoninunulia lori la kwanza. Lakini niliondoka kwa miguu yangu. Hakuna aliyeniambia nifunge mzigo. Mueni aliyetolewa aliamka kesho yake akapika isyo, na chumvi ilikuwa juu ya rafu, wazi, mtu yeyote achukue.

Watoto wangu hunicheka. "Baba, wewe mwenyewe kule machimboni ni dikteta." Ni kweli, kule mimi ni mfalme na sitaki kura. Asiyenipenda anavuka barabara na kutafuta machimbo mengine. Kutoka kwa nchi unavukia wapi? Mueni hakuwa na barabara ya kuvuka. Wale wanaotuimbia wafalme na wanajeshi, ukiwaangalia vizuri, kila mmoja anajiona yeye ndiye wa maini. Hakuna hata mmoja anayejiona amesimama mbele ya Kyalo, mikono nyuma.

Kule Mbumbuni, baada ya maombi, tulipanga foleni ya chakula, na Musyoki akanifuata na sahani yake. Kwa heshima, hilo nampa. "Mzee, ulisema 'Uongo' mbele ya watu. Uongo uko wapi?"

"Mjomba wako alipigiwa kura," nikamwambia. "Mimi nilizikalia." Nikamsimulia, foleni ikisogea, na waliokuwa nyuma wakasogea karibu wasikie. Alinisikiliza mpaka tukafika kwa mama wa kupakua. Ilikuwa isyo.

"Kwa hiyo mjomba alishindwa."

"Alishindwa mchana, na watu wakiona."

"Na baada ya hapo?"

"Alikaa pale miaka mingi. Alichoma nyama mpaka Mama Ndanu akafa na hoteli ikauzwa."

"Hapana, nauliza siku ile. Alipopewa ile sahani mbele yenu wote. Alifanya nini?"

Alionja. Siku hiyo hakuna aliyekuwa amepewa chumvi, na isyo ile haikuwa na kitu. Tuliona taya yake ikisimama. Akainuka kutoka kwa debe, akatembea mpaka kwa Mueni, akasimama mbele yake, na mikono yake yenyewe ikaenda nyuma.

"Aliomba chumvi," nikamwambia kijana. "Na Mueni akampa kabla hajamaliza kusema."